Pale Mashine Inaponyamaza

Kwanza kabisa, acheni kupuliza.

Kila kijana anayeniletea mashine ya gemu ya zamani, akiwa ameiokota juu ya dari kwao, huchomoa kaseti ya gemu, akaiweka mdomoni kama filimbi na kuipuliza kabla hata ya kunisalimia. Nikimuuliza nani alimfundisha, anasema kila mtu anajua. Jibu hilo halijawahi kunitosha. Miaka ya tisini, nilipokuwa fundi mgeni mjini Kisii, nilichukua kaseti mbili za gemu moja. Moja niliipuliza kila asubuhi kabla ya kuichomeka. Nyingine niliichomoa tu na kuirudisha. Zote mbili zilicheza sawasawa. Baada ya miezi kadhaa, ile ya kupulizwa meno yake ya shaba yalikuwa yameota kutu ya kijani. Kumbe kilichosaidia siku zote ni kule kuchomoa na kurudisha. Pumzi yenu ni mate tu, yakiwa na imani.

Safisheni kwa raba ya penseli, taratibu. Kisha spiriti kidogo kwenye kitambaa cha pamba. Kisha ngojeni ikauke. Hapo kwenye kungoja ndipo wengi wenu mnaposhindwa. Hata mimi ndipo niliposhindwa, na hasara yake haikunipata mimi.

Nimefunga duka langu. Macho hayaoni tena lehemu vizuri, na mkono unatikisika kidogo baada ya chai. Ninyi mnaokusanya muziki wa mashine hizi, ule mlio wa nyuki waliofundishwa kwaya, mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukiupiga na kuuhifadhi. "Andika kila kitu, Fundi Kerubo," mlisema. Kila kitu hakiandikiki. Nitaandika kile ambacho sijakisahau.

Nilirudi nyumbani Kiogoro nikiwa na digrii ya fizikia na ubishi mwingi. Digrii mama aliitia kwenye fremu, akaitundika karibu na kalenda. Ubishi hakujua pa kuutundika. Shule hazikuwa zikiajiri. Siku moja niliingia mjini kununua betri za redio ya nyumbani, katika duka la familia moja ya Wahindi ambayo ilikuwa Kisii tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Mbele, mzee wa duka aliuza redio, pasi na tochi. Nyuma, nyuma ya pazia, mkewe alikuwa ameinamia redio iliyofunguliwa. Tulimwita Mama Pritesh. Nilichungulia, maana siwezi kuona kitu kilichofunguliwa nisichungulie.

"Hiyo kapasita umeiweka kinyume," nikamwambia.

Hakuinua kichwa. "Wewe nani?"

"Nimesoma fizikia. Chuo kikuu."

"Mimi sijasoma. Lakini hii ndogo ya rangi ya udongo haina kinyume. Ile kubwa ya mkebe ndiyo ina kinyume. Chuo kikuu hawakukuonyesha?"

Walikuwa wamenionyesha. Nilikuwa nimesahau, na nilikuwa nimesema kwa sauti kubwa. Nilipogeuka kuondoka akaniambia, "Kaa. Mtu anayebisha angalau anaangalia." Nilikaa miaka mingi.

Wateja wanaume walikuwa wakija na televisheni begani na kuuliza, "Fundi yuko wapi?" Mama Pritesh aliwajibu, akiwa na chuma cha kulehemu mkononi, "Fundi ameenda chai. Niachie hapa." Kesho yake walikuta televisheni inawaka, wakaacha salamu za shukrani kwa fundi. Nilimuuliza kwa nini hawaambii ukweli. Akasema, "Wakijua, wataanza kunifundisha."

Mama yangu kule Kiogoro hakufurahi. Majirani wakimuuliza binti anafanya kazi gani, alijibu "ya sayansi" na kubadilisha mazungumzo haraka. Nyumbani aliniambia kweli yake: "Tumeuza ng'ombe wawili usome, kumbe unaenda kucheza michezo ya watoto?" Na mara nyingine ndicho nilichokuwa nikifanya.

Kurekodi kulianza na kinyozi wa Mosocho. Alikuwa na mashine ya gemu kwenye banda lake la kunyolea ili wateja wangoje bila kulalamika, na kuna wimbo mmoja wa pangoni uliompendeza kiasi kwamba aliutaka kwenye kanda, asikilize akinyoa. "Lakini sitaki ile paa-paa ya bunduki," akasema. "Nyimbo peke yake."

Hapa pana jambo ambalo lazima mlielewe. Mashine hizi hazikuwa na muziki ndani yake kama kanda ilivyo nao. Zilikuwa na sauti chache tu, na zilipiga wimbo papo hapo, kila mara upya. Mhusika akipiga risasi, ile risasi inaazima sauti moja ya wimbo. Ndiyo maana ukisikiliza vizuri, wimbo unachechemea kila bunduki inapolia. Kwa hiyo ili niupate wimbo mzima, ilibidi nimfikishe yule mtu mdogo wa kwenye skrini mahali ambapo adui hafiki, nyuma ya jiwe fulani, na nimwache asimame. Nilikaa na kontrola mapajani bila kugusa kitu, upande mzima wa kanda. Mzee wa duka alipita, akanitazama, akatazama skrini.

"Kerubo, umeajiriwa kusimama?"

"Si mimi ninayesimama, ni huyu."

"Basi mwambie huyu aje kufagia."

Waya ulitoka kwenye tundu la sauti la mashine ukaingia moja kwa moja kwenye deki ya kanda. Sikutumia maikrofoni, kwa sababu maikrofoni inasikia kila kitu: mlango, kikohozi, mtu anayeuliza bei ya pasi. Sindano ya kipimo cha sauti iguse wekundu pale tu wimbo unapopaa. Na mkimaliza, vunjeni kile kijino cha plastiki mgongoni mwa kanda, mtu asije akarekodi mahubiri juu yake. Kazi hii ilinipendeza kwa usafi wake. Niliamini kwamba kuhifadhi maana yake ni kusafisha. Mama Pritesh hakuamini hivyo, lakini hakubishana nami. Alisema tu, "Waya unasikia mashine. Hausikii duka."

"Kwani nani anataka kusikia duka?" nikamjibu.

Mzee Onchwari alitokea siku ya Jumanne. Alikuwa mkulima wa chai kutoka upande wa Kebirigo, na binti yake Moraa, mwalimu wa shule ya msingi huko, alikuwa akimleta mjini kila Jumanne kutibiwa masikio. Wakimaliza kwa daktari, Moraa alimwacha kwenye benchi letu la nje akaenda kununua chaki na mahitaji ya nyumbani. Mimi ndani nilikuwa nikijaribu mashine moja. Mzee akaingia bila kubisha hodi, akasimama katikati ya duka, sikio la kulia limeelekezwa kwenye spika.

"Wako wangapi humo ndani?" akaniuliza kwa Ekegusii.

"Hakuna mtu, Mzee. Ni mashine."

"Usinidanganye. Kuna wasichana wawili wanaopokezana. Kuna mzee mmoja wa sauti nzito, yuko chini, haongei sana. Na kuna mtu wa nne pale pembeni, anapepeta wimbi kwenye ungo."

Niliweka chini bisibisi. Mimi nilijua kuwa mashine ile ina sauti nne kwa sababu nilikuwa nimeifungua na kusoma. Sauti mbili kali, moja nzito, na moja ya mchakacho wanayoitumia kwa ngoma na milipuko. Yeye alizihesabu kwa sikio moja, tena bovu, akiwa amesimama.

"Ulijuaje?"

"Nilikuwa napiga obokano."

Hakuna Mgusii asiyejua obokano, zeze letu lile kubwa la kamba nane linalonguruma kama limemeza nyuki. Nikamuuliza kwa nini "nilikuwa". Akasema mkewe alipofariki, Moraa akiwa bado anatambaa, aliingia kanisani, akabatizwa, na siku hiyohiyo akaahidi kwamba hatagusa tena kamba, maana kamba kwake zilikuwa zimeenda pamoja na pombe za watu. Obokano akampa binamu, na kwa binamu mchwa wakalimaliza. Lakini kulikuwa na wimbo mmoja ambao haukuwa wa pombe wala wa sherehe. Aliutunga akimposa mkewe, akampigia yeye peke yake, nyumbani, miaka yote ya ndoa yao. Moraa hakuwa na umri wa kuukumbuka.

"Mwimbie basi," nikasema.

"Mdomo unabeba sauti moja. Wimbo huu una mbili zinazozungumza na moja inayowasikiliza."

"Tafuta mpigaji mwingine umfundishe."

"Kila mpigaji ana majivuno yake. Atautia mkono wake." Akaigusa mashine kwa kidole. "Huyu ana majivuno?"

Nikamwambia mashine inafanya inachoambiwa, haizidishi wala haipunguzi.

"Basi huyu ndiye ninayemtaka. Na fanya upesi. Sikio la kushoto limeshafunga. La kulia daktari anasema linafuata. Nataka nisikie mwenyewe kama ni wenyewe, halafu nimpe mtoto wangu."

Mimi ni mtu wa kuuliza, kwa hiyo nilimuuliza: je, ahadi yake ya kanisani? Mashine si chombo cha muziki pia?

"Niliahidi kutogusa kamba. Humu mna kamba?"

"Mna waya nyingi tu."

"Waya niachie wewe," akasema. "Wewe hukuahidi chochote."

Dukani tulikuwa na mashine moja ya aina ya pekee, yenye kibodi kama ya kompyuta, ambayo mzee wa duka aliinunua Mombasa akidhani shule zitaigombania. Hakuna shule iliyoitaka. Ilikuja na kaseti ya masomo, na ndani ya kaseti hiyo mlikuwa na ukurasa wa kuandikia muziki: unaandika herufi na namba, noti baada ya noti, kila sauti na mstari wake, kisha mashine inapiga. Ilikuwa na kasoro moja tu. Haikuwa na mahali pa kuweka kumbukumbu. Ukiizima, kila ulichoandika kimepotea.

Tulifanya kazi Jumanne baada ya Jumanne. Moraa akimwacha hapo, Mzee alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaniimbia sauti moja kwa kinywa, ting' ting' tiring', na mimi nikaandika. Alianza na yule mzee wa sauti nzito. "Huyu kwanza. Nyumba haijengwi kuanzia paa." Jumanne ya pili tukawaingiza wasichana. Alikuwa mkali kuliko mhadhiri yeyote niliyekutana naye. Nikichelewesha noti kidogo alifumba macho kwa uchungu kama aliyeumwa na siafu.

Na mashine haikuzimwa. Niliandika kibao, "USIZIME", nikakibandika juu yake. Mama Pritesh aliongeza chini yake, kwa Kigujarati, jambo ambalo mumewe alilisoma na hakuigusa tena mashine hiyo. Siku ya Alhamisi stima ikaanza kuyumba, taa zikanywea, na nikajua itapotea. Nilichukua betri ya lori iliyokuwa imeletwa kuchajiwa, nikaiunganisha na mashine sambamba na adapta, na stima ilipokatika kweli, mashine iliendelea kuwaka peke yake katika mji wote uliozima. Kile kipande kinachopunguza nguvu ya umeme kilipata moto mno, Mama Pritesh akakifunga kwa kipande cha kifuniko cha sufuria ili kitoe joto. Mwenye lori alipokuja kuchukua betri yake, alikuta inafanya kazi ya kanisa. Hivyo ndivyo Mama Pritesh alivyomwambia, naye akasubiri.

Jumanne ya tatu tulimaliza. Mzee aliusikia wote, mara mbili, mkono umekinga sikio. Akasema, "Uache ulale wiki moja. Nitakuja kuusikiliza na sikio lililopumzika. Tukikubaliana, ndipo uuweke kwenye kanda, nimwite Moraa."

Sasa nisikilizeni vizuri.

Katikati ya ule wimbo kulikuwa na mahali ambapo sauti zote tatu zilinyamaza. Ulikuwa ukimya mrefu, mrefu kuliko kipimo chochote. Ulivuruga hesabu yote. Kila kilichofuata kilichelewa. Nilipoandika, nilidhani Mzee alikuwa akivuta pumzi. Siku tatu nzima ukimya ule ulinikera kama jiwe kwenye wali. Nikajiambia: huyu mzee amezeeka, amesahau kidogo, na mimi ndiye niliyesoma. Ijumaa nikaufuta. Nikasogeza mbele kila kilichobaki, sauti zikashikana vizuri, wimbo ukatiririka kama mto. Nikaurekodi kwa waya, safi, bila hata kikohozi. Nikavunja kijino. Na kwa kuwa mashine ilikuwa imeshachoka kwa joto, na kazi nilihesabu imekwisha, nikabandua kibao changu na kuizima.

Stima ilishindwa kuizima. Niliizima mimi.

Sikuwa nimeandika noti zile kwenye daftari. Mhitimu wa fizikia! Nilikuwa na kanda, sikuona haja ya karatasi.

Jumanne Mzee akaja, akakaa kwenye kiti chake cha plastiki. Nikabonyeza. Mwanzoni alitabasamu. Tulipofika katikati, tabasamu likabaki usoni kama kitu kilichosahauliwa. Wimbo ukaisha. Akaniuliza kwa upole, "Huyu ni nani?"

"Ni wimbo wako, Mzee."

"Hapana. Ni wa mtu anayefanana na mimi. Mahali pa kunyamaza pako wapi?"

"Nilidhani ni kosa."

"Ni kosa," akasema. "La kwangu."

Ndipo akanieleza. Siku ya kwanza kwenda kumpigia yule msichana aliyekuja kuwa mkewe, kamba moja ililegea katikati ya wimbo. Alinyamaza ili aikaze. Msichana alidhani imekatika, akaweka mkono mdomoni kwa kumwonea aibu. Kisha yeye akaendelea palepale alipoachia, na msichana akacheka. Alicheka kwa furaha, kama mtu aliyeona kitu kilichokufa kikipiga chafya. Tangu siku hiyo Mzee alinyamaza mahali pale kila mara, hata kamba ikiwa imekaza, na mkewe, ingawa alijua, alicheka kila mara.

"Ulisema mashine haina majivuno," Mzee akasema.

"Haina," nikajibu. Sikuweza kumtazama.

Nikamwambia pia kwamba nilikuwa nimeizima. Kisha akaomba jambo moja, kwamba Moraa asiambiwe habari za ukimya wala kicheko. Tukakubaliana kuanza upya Jumanne itakayofuata.

Jumanne hiyo hakuja. Wala ile nyingine. Mafua makali yalikuwa yamempanda masikioni. Aliporudi, baada ya mwezi mzima, Moraa alikuwa amemshika kiwiko, naye alikuwa akitabasamu kwa kila mtu, jinsi wanavyotabasamu watu wasiosikia.

"Fundi, sema kwa nguvu kabisa," Moraa akaniambia. "Na hata hivyo usitegemee sana."

Mnaweza kudhani nilimwomba msamaha. Nilimwomba, kwa kupiga kelele, duka zima likageuka. Akanipigapiga bega, akaonyesha mashine.

Nilitumia fizikia mara moja katika maisha yangu kwa faida ya mtu. Sauti hupita kwenye mifupa pia. Nilimwomba Mama Pritesh mwiko, nikaegemeza ncha moja kwenye boksi la spika na nyingine Mzee akaiuma kwa meno. Akakaa hivyo, mzee wa heshima, ameuma mwiko dukani kwa Mhindi, macho yamefumbwa. Mzee wa duka alitoa kichwa penye pazia, akaangalia, akarudisha kichwa. Yule wa sauti nzito, Mzee alimsikia! Alimsahihisha kila mahali, kwa kidole. Lakini wasichana wawili hawakumfikia. Sauti zao zilikuwa nyembamba mno kwa mwiko. Hao niliwajenga upya kwa kusikiliza ile kanda yangu safi, ambayo angalau ilikuwa imewahifadhi, na safari hii kila noti niliiandika kwenye daftari kwanza.

Ukabaki ukimya. Kwenye kanda haukuwepo, kwa sababu niliufuta. Nilimwandikia Mzee kwenye karatasi: "Unyamaze kwa muda gani?"

Alifikiri. Kisha akajibu kwa ile sauti ya juu ya watu wasiojisikia, "Mpaka afikiri imekatika."

Hicho si kipimo. Nilijaribu mara nyingi peke yangu, nikirefusha, nikifupisha. Ukiwa mfupi, ni pumzi tu. Ukiwa mrefu, ni mwisho. Na mimi singeweza kupima, kwa sababu nilijua wimbo unaendelea. Jaribio halimfai anayejua jibu. Alihitajika mtu asiyejua, na katika dunia nzima Mzee alikuwa na mtu mmoja tu aliyemtaka.

Basi Jumanne ya mwisho Moraa hakwenda kununua chaki. Nilimketisha mbele ya mashine, Mzee akaketi upande, akiangaliana naye. Nilichomeka waya wangu kwenye deki. Mama Pritesh akatoka nyuma ya pazia na maikrofoni, akaiweka juu ya meza, akaiunganisha kwenye deki ya pili bila kuniuliza. Safari hii sikubisha.

"Ni wimbo wa mama yako," nikamwambia Moraa, nikabonyeza.

Yule mzee wa sauti nzito alianza. Wasichana wakaingia mmoja baada ya mwingine, na ule mngurumo wao wa nyuki ukawa karibu kabisa na obokano, kiasi kwamba mzee wa duka aliacha kuhudumia mteja. Moraa alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee hakuitazama mashine hata kidogo. Alikuwa akimtazama binti yake usoni, akihesabu mapigo kwa kutikisa goti.

Kisha kila kitu kikanyamaza.

Sijawahi kuogopa ukimya kama ule. Moraa akainua kichwa. Akanitazama, akaitazama mashine, akaweka mkono mdomoni kwa kunionea aibu mimi.

"Woi, Fundi! Imekufa?"

Ikaendelea, palepale ilipoachia. Na Moraa akacheka.

Mzee hakuwa amesikia chochote, si wasichana, si ukimya, wala kicheko. Aliona tu mkono ukienda mdomoni, na meno ya binti yake, mahali ambapo goti lake lilikuwa limefika. Machozi yakamtoka bila uso wake kubadilika. Akanigeukia, akaniambia kwa ile sauti yake kubwa:

"Ni wenyewe. Sasa unaweza kuizima."

Kanda za siku hiyo ziko mbili. Ya waya ni safi. Sijui iliko, nadhani ilikwenda na kinyozi kati ya kanda zake. Ya maikrofoni ndiyo niliyonayo, nakala ya ile aliyokwenda nayo Moraa huko Kebirigo. Ina mlango unaofunguka, ina mtu anayeuliza bei ya pasi, ina kiti cha plastiki kinacholia. Mwaka jana mmoja wenu, kijana mwenye akili sana, aliniomba aihamishie kwenye kompyuta, na aliporudi akaniambia kwa fahari kwamba programu yake imeondoa kelele zote za nyuma na kukata sehemu moja tupu katikati. Nilimjua. Nilimjua kabisa, ni mimi. Nikamtengenezea chai, nikamwomba aanze upya.

Nitawapa nakala, kila mmoja wenu. Ipigeni mnavyotaka, kwa mashine mnazotaka. Lakini mtafika mahali ambapo mtadhani imekufa. Msipulize. Msiguse kitu. Ngojeni.